Kamera za Ghala na Kazi ya Kubana Picha

Hotuba ya Mtunza Mitambo wa Chama Kikuu kwa wanachama na maofisa, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama



Wenzangu walionitangulia wamesema juu ya bei, juu ya pembejeo na juu ya mikopo. Mimi nimetakiwa kusema juu ya jambo ambalo mwaliona kila mfikapo ghalani, walakini hamjapata kuelezwa sawasawa: zile kamera nane zinazotazama mizani, milango na marundo ya magunia. Najua wako wanaouliza, "Kitu kinachotazama tu, chala fedha zetu kwa kazi gani?" Swali hilo ni la haki, maana fedha ni zenu. Nitalijibu kwa kadiri niwezavyo.

Chama hiki kilipoanza miaka kumi iliyopita, ulinzi wetu ulikuwa mlinzi mmoja, tochi moja na daftari moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kamera nazo ni daftari, ila ni daftari la macho. Lakini daftari lenye kurasa zilizochanika laweza kuleta madhara kuliko kukosa daftari kabisa, kwa kuwa watu hulitumaini mpaka siku wanapolifungua.

DAFTARI LILILOCHANIKA

Misimu mitatu iliyopita, mwezi wa Novemba, lori la chama kimoja cha msingi lilifika jioni likiwa na korosho. Hati yao ilisema magunia 212. Daftari letu la mapokezi likasema 209. Magunia matatu si kitu cha kupuuzwa. Kwa mkulima mwenye shamba dogo ni sehemu kubwa ya jasho la mwaka mzima. Kila mtu akasema, "Tutazame picha." Tukazitazama. Lori laonekana likiingia. Wachukuzi waonekana wakianza kushusha. Kisha picha zaruka, na mara lori li tupu. Dakika nne hazikuwamo.

Chama cha msingi kikamshuku karani wa mizani. Karani akawashuku wachukuzi. Hasara ikagawanywa nusu kwa nusu, na karani, kijana aliyetutumikia miaka mitano, akaacha kazi kabla ya msimu kwisha. Hata leo sijui kama alikuwa na kosa au hakuwa nalo. Ninalojua ni kwamba mtambo ulikuwa chini ya mkono wangu, na mimi sikuwa nimeuchunguza.

Nilipouchunguza niliona hivi. Kamera zetu ni za waya. Hazibani picha zenyewe, bali hupeleka kila kitu kwa kompyuta moja iliyomo ofisini, nayo ndiyo inayofanya kazi ya kubana na kuhifadhi kwa ajili ya zote nane. Ghala likiwa tulivu, kompyuta hiyo ilimudu. Lori likiingia na watu kumi wakitembea huku na huko, kazi ilizidi nguvu zake, nayo ikaanza kuacha picha njiani. Basi mtambo wetu ulikuwa ukichoka saa ile ile tuliyouhitaji.

Aliyetuuzia alishauri tununue kompyuta kubwa zaidi, kwa bei iliyoivunja moyo Halmashauri. Niliomba nipewe muda wa kujifunza kwanza kazi yenyewe ni nini, ili tujue kama mtambo ni mdogo au kama twautwisha mzigo usio wa lazima.

PICHA NI HESABU

Ndugu zangu, picha ya kamera si mchoro. Ni orodha ya tarakimu. Picha moja ya kamera zetu ina nukta 1,920 kwa upana na nukta 1,080 kwa urefu, ambazo mafundi huziita pikseli. Jumla yake ni nukta 2,073,600. Kwa njia ya kawaida ya kuandika rangi, kila nukta huhitaji baiti moja na nusu. Kamera hupiga picha 25 kwa kila sekunde. Ukizidisha yote hayo, kamera moja hutoa baiti karibu milioni 78 kwa sekunde, na kwa siku moja hufikia terabaiti 6.7. Diski kubwa ya terabaiti nne isingetosha kamera moja kutoka alfajiri mpaka alfajiri.

Ndipo inapokuja kazi ya kubana. Kamera hiyo hiyo, picha zake zikibanwa vema, yaweza kutumia megabiti mbili kwa sekunde, yaani kama gigabaiti 21.6 kwa siku. Mzigo uliohitaji diski mia tatu hutosha katika diski moja.

Hilo lawezekanaje? Lawezekana kwa sababu picha zinazofuatana hufanana. Ukuta wa ghala uliokuwapo sekunde iliyopita upo sasa, na utakuwapo kesho. Basi mtambo huandika picha moja kamili, kisha katika picha zinazofuata huandika tofauti tu. Mabingwa wa mataifa walikubaliana juu ya kanuni za kazi hii. Kanuni ya H.264, ambayo imetumika sana katika kamera za ulinzi, ilitolewa mwaka 2003, iliyoifuata, H.265, ilitolewa mwaka 2013, na ya H.266 mwaka 2020. Kila mpya yapunguza ukubwa wa picha kuliko iliyotangulia. Ile ya H.265 hufikia karibu nusu ya H.264 kwa picha ya ubora ule ule. Lakini hakuna mpya isiyodai kazi zaidi ya hesabu. Tukiokoa diski, twalipa kwa jasho la kompyuta.

KUMTAFUTA MBUZI ALIYEPOTEA

Sasa yafaa tufahamu jasho hilo hutoka wapi. Mtambo huigawa picha katika miraba midogo, nukta 16 kwa 16. Katika picha ya kamera yetu mna miraba 8,160. Kwa kila mraba mtambo hujiuliza, "Kitu hiki kilikuwa wapi katika picha iliyopita?" Kama gunia limesogea na mchukuzi, mtambo hulitafuta lilipokuwa, ili uandike tu, "Lile lile, limesogea kidogo kuume," badala ya kulichora upya.

Njia ya kwanza ya kutafuta ni kukagua kila mahali. Tuseme mtambo unatafuta umbali wa nukta saba kila upande. Hapo pana mahali 225 pa kulinganisha, na kila mahali pana hesabu za kutoa 256. Kwa miraba yote, na kwa picha 25, kamera moja yadai hesabu zaidi ya bilioni 11 kwa kila sekunde. Zidisha kwa kamera nane, nanyi mtaelewa kwa nini kompyuta yetu ilihema.

Lakini mchungaji aliyepotewa na mbuzi hakanyagi kila jani la pori. Hupanda vilima vichache, hutazama, huenda upande wenye dalili, kisha hukaza macho. Mwaka 1981 wahandisi wa Kijapani, T. Koga na wenzake, walieleza njia ya namna hiyo, iitwayo utafutaji wa hatua tatu. Mtambo hujaribu kwanza mahali tisa palipotawanyika. Huchagua palipo bora. Hujaribu mahali pengine nane karibu na hapo. Kisha nane tena karibu zaidi. Jumla ni mahali 25 badala ya 225. Kazi yapungua mara tisa. Mwaka 2000 Shan Zhu na Kai-Kuang Ma wakaeleza utafutaji wa umbo la almasi, unaofaa sana kwa mwendo mdogo, na mwendo mwingi ghalani ni mdogo.

Njia hizi haziahidi kupata mahali bora kabisa kila mara. Zikikosa, picha huwa kubwa kidogo katika diski, basi. Twatoa haba ya diski ili tupate kibaba cha nguvu. Programu huria ya x264, ambayo ndiyo tunayoitumia, humpa fundi uhuru wa kuchagua baina ya njia nyepesi na njia nzito za kutafuta. Yetu ilikuwa imewekwa katika njia nzito, kana kwamba twatengeneza filamu ya sinema yenye kuhifadhiwa milele. Kubadili hilo hakukutugharimu senti.

UKUTA HAUHITAJI KUTAFUTWA

Hata hivyo, faida iliyo kubwa zaidi ni nyingine, nayo ni rahisi kuliko zote. Kamera ya ulinzi haifanani na kamera ya sinema. Haitembei, imefungwa ukutani, nayo hutazama mahali pale pale mchana na usiku. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kila picha haijabadilika hata kidogo. Kwa nini basi kutafuta ulipokwenda ukuta, hali twajua ukuta hauendi popote?

Kanuni ya H.264 humruhusu mtambo kuuruka mraba, yaani kuandika kwa ishara fupi kabisa kwamba "hapa ni kama pale mwanzo." Mtambo wenye busara hulinganisha kwanza mahali pale pale, mara moja tu, ukiona hapana tofauti ya maana, huuacha mraba huo na kwenda mbele. Tuchukue mfano kwamba miraba tisa katika kila kumi imetulia. Mtambo hukagua yote 8,160 mara moja moja, kisha hutafuta kwa hatua tatu katika ile 816 iliyobaki. Kwa sekunde moja hulinganisha mara 714,000 badala ya mara 45,900,000 za njia ya kwanza. Hiyo ni sehemu moja katika 64.

Kwa kanuni ya H.265 jambo hili lina uzito zaidi. Huko mraba mkubwa huwa nukta 64 kwa 64, nao waweza kugawanywa katika minne, na kila mmoja katika minne tena, mpaka nukta 8 kwa 8. Mtambo unaotaka kujaribu migawanyo yote hukagua vipande 85 katika mraba mmoja. Lakini mkulima hagawi shamba katika vishamba 85 kama lote ni mkorosho mmoja. Mtambo ukiona mraba mkubwa umetulia, na ukome hapo. Kipande kimoja chatosha badala ya 85.

Wahandisi wa China, miongoni mwao Wen Gao wa Chuo Kikuu cha Peking, wameifikisha fikira hii mbali zaidi. Katika kanuni iitwayo IEEE 1857, iliyotolewa mwaka 2013, mna sehemu iliyotungwa kwa ajili ya picha za ulinzi. Mtambo hutengeneza kutokana na picha nyingi sura ya mahali patupu, pasipo watu wala magari, na kuiweka kando. Mtu akipita na kuondoka, ukuta aliouficha hauchorwi upya. Huchukuliwa katika ile sura iliyohifadhiwa. Kwa maneno mengine, mtambo hujua nyumba kwanza, kisha huwatambua wageni.

TAA, MATAWI NA BUIBUI

Hapa, mabwana na mabibi, nataka niseme jambo lililonishangaza mimi mwenyewe. Nilipopima kazi ya kompyuta saa baada ya saa, niliona kwamba haikupumzika usiku wa manane, wakati ghala limefungwa na hapana hata panya. Kwa nini? Kwa sababu ya giza. Kamera ikikosa mwanga hujikaza, na kujikaza huko huleta chembechembe zinazochezacheza katika picha nzima. Macho yetu yazidharau, lakini mtambo huona kila mraba umebadilika. Haupati cha kuruka. Hutafuta mwendo usiokuwapo, na huandika vumbi kana kwamba ni habari.

Dawa yake haikuwa kompyuta. Ilikuwa taa. Tulifunga taa nne za umeme mdogo, mbili milangoni na mbili juu ya marundo, na kazi ya usiku ikashuka mara ile ile.

Kamera ya uani nayo ilikuwa ikitazama matawi ya mwembe. Upepo ukivuma, kila jani lilikuwa mwendo wa kuandikwa. Hatukuukata mwembe, maana wachukuzi hupumzika chini yake. Tuliigeuza kamera kidogo, tukapogoa matawi mawili. Na ile ya lango la nyuma ilikuwa na buibui aliyejenga mbele ya kioo, kwa sababu wadudu huvutwa pale, na utando wake ulitikisika usiku kucha. Siku hizi mlinzi hufuta vioo kila Jumatatu na Alhamisi, na kazi hiyo imeandikwa katika orodha ya zamu yake.

Kadhalika tulipunguza idadi ya picha. Kamera zinazotazama marundo yaliyotulia hupiga sasa picha 10 kwa sekunde, wala si 25. Mtu hawezi kubeba gunia la korosho akapita haraka hata picha 10 zikamkosa. Na picha kamili, ambazo ni nzito kuandikwa, tulikuwa tukiziandika kila sekunde. Sasa ni kila baada ya sekunde nne. Hatukwenda mbali zaidi ya hapo, kwa maana picha moja kamili ikiharibika, zote zinazoitegemea huharibika nayo.

MAHALI PASIPOFAA KUBANA

Nimesema mengi juu ya kupunguza. Sasa yanipasa kuonya. Kupunguza kazi pasipo kuchagua mahali ni kama mpakuaji anayeshusha mzigo kwa kuutupa: atamaliza mapema, lakini gunia litakuwa limepasuka.

Mtambo ukiambiwa udharau tofauti ndogo, ni lazima tuulize ni tofauti gani zilizo ndogo. Katika ukuta, tofauti ndogo ni vumbi. Katika kioo cha mizani, tofauti iliyopo baina ya 6 na 8 ni kijistari kimoja, nacho ni kidogo machoni pa mtambo kuliko kivuli cha karani. Mambo haya yamekwisha kutokea duniani. Mwaka 2013, nchini Ujerumani, David Kriesel aliuonyesha ulimwengu kwamba baadhi ya mashine za Xerox za kunakili hati zilikuwa zikibadili tarakimu: 6 ikatoka 8. Sababu yake ilikuwa kubana. Mashine iliona vipande viwili vinafanana, ikatumia kimoja mahali pa vyote viwili. Nakala zilikuwa safi, zasomeka vizuri, nazo zilikuwa za uongo.

Kwa hiyo tumeweka sheria yetu. Kamera ya mizani haipunguziwi kitu. Hupiga picha 25, hubanwa kwa uangalifu, na mahali pa kioo cha mizani panaandikwa kwa ubora wa juu kuliko sehemu nyingine ya picha. Nguvu tulizookoa kwenye kuta, matawi na giza ndizo tunazozitumia hapo. Na daftari la karani, lenye saini ya mleta mzigo, halijaondolewa. Kamera ni shahidi wa pili, si wa kwanza.

MATUNDA YAKE

Matokeo ni haya. Kompyuta ni ile ile ya zamani. Tangu mabadiliko hayo tumemaliza misimu miwili, na katika siku zote za kupokea mizigo nimekagua kila jioni kama pana picha zilizoachwa. Hazikuachwa.

Msimu uliopita palizuka shauri kama lile la kwanza: hati ya chama cha msingi ilizidi daftari letu kwa magunia mawili. Maneno yakaanza kuwa makali. Tukafungua picha mbele ya Katibu wao, karani wetu na wachukuzi wawili. Kwa muda wa dakika kumi tukayaona yale magunia: yalishushwa upande wa pili wa lori, yakaegemezwa nguzoni, na kufunikwa na turubai. Hakuna aliyeiba. Yalipimwa, yakaandikwa, na watu wakapeana mikono. Nilimkumbuka yule kijana wa kwanza. Huenda magunia yake matatu yalikuwa na hadithi kama hiyo; huenda sivyo. Daftari letu siku ile halikuweza kumhukumu wala kumtetea.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Methali hii twaitaja sana tunaposema juu ya wizi mdogo mdogo, lakini ni kweli pia juu ya gharama ndogo ndogo zisizochunguzwa. Fundi akiwaambieni kwamba mtambo haufai, nunueni mwingine, muulizeni kwanza, "Huu uliopo wafanya kazi gani, na ni ipi katika kazi hiyo isiyo ya lazima?" Asiyeweza kujibu, msimpe fedha zenu. Nanyi Makatibu wa vyama vya msingi mnaotaka kufunga kamera katika maghala yenu mwaka ujao, njoni ofisini kwangu kabla ya kununua. Tutatembea pamoja ghalani mwenu usiku, tuone palipo giza, kwa maana huenda taa moja ikawaokoeni bei ya kompyuta.

Miaka kumi ijayo itakuwa na mitambo tusiyoijua leo. Naomba tuipokee kama tunavyopokea mzigo mizanini: tuipime kwanza, ndipo tutie saini.

Ushirika wetu na udumu.